Nilivyouza magauni yangu ya Ulaya, bwana kodi akaja na mjumbe mlangoni

Wakuu, shikamoo kwa mnaonizidi, wengine marahaba.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Rasbura, Lindi, zama za Ujamaa. Chumvi sijaongeza.

Mume wangu alikuwa baharia. Kila akirudi ananiletea gauni la Ulaya lenye lebo ya maana. Enzi hizo kitambaa chenyewe mpaka upange foleni, mimi nikipita watu wanageuka. Acheni tu, nilijua kuringa.

Safari moja akakawia mno, hali ikawa ngumu. Nikaona niuze magauni ninunue cherehani, nijitegemee.

Shemeji yangu, mdogo wa mume, alikuwa anakaa na kula kwangu. Akaleta makoti mapya ya rafiki yake.

"Shemeji, changanya na yako, niuzie."

Nikakataa. Nikiuza changu ni nguo yangu, nikiuza cha mtu hiyo ni biashara. Akanuna.

Magauni nikamwonyesha jirani tu, Bi Somoe. Kesho yake, mjumbe wa nyumba kumi huyo mlangoni, na bwana kodi.

"Leseni iko wapi, mama?" bwana kodi akauliza.

"Nauza nguo za mwilini mwangu, baba."

"Mtu mmoja, magauni yote haya? Huu ulanguzi!"

Wakuu, ulanguzi wakati ule ni jela. Nikamwona Bi Somoe dirishani kwake, nikasema moyoni ni huyu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mara Bi Somoe akaja mbio, akapindua mapindo ya magauni.

"Bwana, yote nimeyapunguza mimi kwa mkono. Huyu mfupi, na bega moja limeshuka. Mpime!"

Bwana kodi akapima. Kila gauni, bega lile lile.

"Ya biashara yangekuwa na saizi za kila mtu," akasema. "Uza, mama. Ila usichanganye na makoti ya watu."

Makoti? Nani kamwambia habari za makoti?

Jioni shemeji akarudi kutoka Mitole, alikoshinda tangu asubuhi. Hata viatu hajavua:

"Shemeji, wamechukua mangapi?"

Nilimpakulia wali wake. Bi Somoe nilimwomba radhi kimoyomoyo, nikaona aibu.

Funzo kwenu mnaouza nguo zenu kwenye simu: cha kwako uza, ila ukianza kununua ili uuze, au kuuzia wenzio, kaulize mambo ya kodi mapema. Na chunga unayemlisha.

Karibuni mchangie. Na wewe shemeji, najua umo humu, changia.