Seva Imesema Mama Hayuko

Leo kompyuta imesema mama yangu hayuko. Na ni mimi niliifundisha.

Mnajua ile maktaba ya programu niliandikia chama cha wakulima hapa Masii, ya kuulizia seva, ile kompyuta kuu ya chama, habari za wanachama?

Niliipanga tu vile daftari lao lilikuwa:
wanachama/bwana/mke/shamba.
Mke unampata kupitia kwa bwana yake. Hata nyinyi wenzangu mliisifu hapa kwenye kikundi!

Sasa, mwezi jana tulizika baba.
Leo asubuhi karani wa chama akafuta jina lake.
Saa nne mama akaja kuchukua mbegu. Mimi nimesimama hapo kando na tai yangu, naringa.

Karani akatafuta. Akarudia.
"Mama, hupatikani."

Na ni yeye amelima hilo shamba miaka yote.

Nikajaribu kumweleza mama: ukifuta wa juu, wa chini wote wanaenda naye.

Akaniangalia. Akauliza polepole:
"Mutua, kwani mlituzika sisi wawili?"

Wenzangu wa kompyuta, mngemjibu nini?

Mimi nilimbebea gunia lake tupu mpaka nyumbani.