Siku Nilipowaita Mama Zangu Wavivu

Nakumbuka asubuhi moja kule kijijini kwetu Myamba, mwanangu, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, kichwa kimejaa Kiingereza kuliko busara. Alikuja Mzungu mmoja akitafuta tangawizi ya kununua kila msimu. Kina mama wa kikundi cha mama yangu walikuwa wamechimba, wameosha na kuanika. Walichokosa ni mtu wa kuwasemea. Wakanichagua mimi. Nikasimama mbele yao kama mbunge.

Shuleni nilijifunza kwamba "slow" ukiiongezea mkia inakuwa "slowly", yaani polepole. Nikajiamulia kwamba "hard" nayo, ikiongezwa mkia uleule, ni kwa bidii. Nikapaza sauti: "These women hardly work. They hardly wash the ginger." Kumbe "hardly" maana yake ni kwa nadra mno, karibu na hapana! Nilikuwa nimemwambia mgeni kwamba kina mama hawa kazi hawafanyi, na tangawizi yenyewe hawaioshi.

Mgeni akafunga daftari, akashukuru kwa adabu, akaelekea kwenye gari.

Bibi Nakijwa, mwenyekiti wa kikundi, hakuwahi kukanyaga darasa. Lakini uso wa mtu aliusoma, mwanangu, bila kuruka herufi.

"Eliamini, umemwambia nini? Mbona anaondoka?"

"Nimewasifu, Bibi."

"Sifa haimfukuzi mnunuzi. Mkimbilie, umuulize amesikia nini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi msomi, niulize mbele za watu? Bibi akanionyesha gari kwa kidole. Nikakimbia. Mgeni aliponieleza alichosikia, masikio yaliniwaka moto. Nikamweleza nilichokusudia, naye akacheka hadi akaegemea gari. Akarudi, akakagua tangawizi tenga kwa tenga, akanunua yote.

Nikadhani yamekwisha. Bibi akasema, "Sasa waambie na mama zako ulivyowasema."

Nikawaambia, macho chini. Kisha mama yangu akashindwa kujizuia, akacheka, na wote wakaangua kicheko, hata mimi.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," Bibi akasema. "Ila anayejikwaa ulimi kisha akarudi kutengeneza, huyo namwamini."

Na msimu uliofuata akanichagua tena. Nimefundisha Kiingereza hapa Same hadi nikastaafu, nimekaa na wenye shahada zao, na bado sijamwona mwalimu wa kumfikia Bibi yule.

Basi sikia, mwanangu. Neno usilolijua usilibuni kwa kufananisha. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea usisubiri watu wasahau. Rudi upesi kwa uliyemkosea, useme mwenyewe, kabla kosa halijaota mizizi.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kuuliza na mzito wa kujisifu. Enenda salama.