Ijumaa Jioni kwenye Mizani

Ijumaa iliyopita, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa kwenye kituo cha kupimia majani chai huko Manga mizani ilipogoma. Kilo haziandikwi mpaka programu mpya ikubali, nayo ilikuwa inazungukazunguka tu. Foleni ilifika barabarani. Majani yakaanza kupata joto ndani ya magunia, na Wasabato, ambao huacha kazi jua la Ijumaa likizama, wakawa wanalitazama jua.

Fundi aliyeiunda programu hiyo, kijana kutoka Nairobi, alikuwa amepiga magoti mbele ya laptopu.

“Inategemea kompyuta za mbali, tunazikodi,” alisema bila kuinua macho. “Watu wakizidi, huongezwa. Lakini Ijumaa jioni nilizipunguza. Nilidhani mmefunga kazi.”

“Ulimuuliza nani?” akasema mama aliyekuwa mbele yangu.

Kijana alibofya, akafuta jasho, akabofya tena. Hatimaye mizani ikawaka.

“Mama, leta,” karani akaita.

Jua lilikuwa limezama. Mama alikuwa ameshafunika gunia lake kwa leso yake ya kiunoni.

“Sabato imeingia,” alimwambia yule fundi. “Huingia kila wiki, mwanangu. Si siri.”

Kijana anasema mfumo wake unaweza kuhudumia nchi nzima. Sina shaka. Ulishindwa na Ijumaa moja ya Manga.