Ngitili Ni Nini?

Sijasomea ualimu. Shule yangu iliishia kidato cha sita. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, na kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni nilijifunza kwa kufutwa. Niliandika, mtu nisiyemjua akafuta, nikauliza kwa nini, akanieleza, nikaandika tena. Kwa hiyo mkufunzi wa mbinu za utafiti katika chuo kimoja hapa Shinyanga aliponiomba niwafundishe wanachuo wake kazi hiyo kwa muhula mmoja, nilikubali kabla sijafikiri, kisha nikashindwa kula chakula cha mchana.

Mpango wake ulikuwa huu: badala ya insha ambayo angeisoma yeye peke yake, kila mwanachuo angeandika makala moja na kuiweka hadharani, palipo na watu wa kuipinga.

"Wakiniandikia mimi, wananakili," aliniambia. "Wakiwaandikia watu wote, itabidi waseme wamejuaje."

Darasani nilikuta vijana wa rika langu, na mama mmoja aliyetuzidi wote kwa miaka mingi. Alikuwa ameuza chapati na chai huko Geita, kando ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana nazo. Siku ya kwanza sikujua nifanye nini. Mimi ndiye mwalimu, lakini yeye angeweza kunizaa. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

Darasa likaangua kicheko. Yeye akasimama wima. "Marahaba, mwalimu," akajibu, kisha akawageukia wenzake. "Mnacheka nini? Kalelewa huyu."

"Mama, punguza sauti," kijana mmoja wa Kahama akamwambia. "Hapa hakuna karasha."

"Lipo. Limekaa kwenye kiti chako, linasaga karanga tangu asubuhi."

Nilimpenda kuanzia hapo, na nikaanza kumhofia pia, kwa sababu mkufunzi alikuwa amenidokeza hali yake. Somo hili alikuwa analirudia. Akishindwa tena, anaondolewa chuoni, na makala ndiyo iliyokuwa imebeba alama nyingi.

Alichagua kuandika kuhusu ngitili. Aliandika vizuri: nani anaruhusiwa kuifungulia mifugo, sungusungu, walinzi wa jadi, wanailindaje, mtu akiingiza ng'ombe kwa wizi anavyoitwa mbele ya dagashida, mkutano wa kijiji, na kutozwa faini. Mimi niliisoma kwa jicho langu la ugonjwa, lile linaloona nafasi mbili mahali pa nafasi moja. Nilimwonyesha nukta zilizokosekana. Nilimwambia vyanzo ataongeza baadaye, tukaihifadhi ukurasani, darasa likampigia makofi. Wote walikuwa Wasukuma, au wamekulia hapa. Kila mmoja alitikisa kichwa kukubali kila sentensi.

Wiki iliyofuata tulifungua ukurasa tukakuta tangazo juu yake. Mhariri mmoja asiyejulikana alikuwa ameandika kwamba makala haina chanzo hata kimoja, kwamba itafutwa isiporekebishwa ndani ya wiki, na chini yake ameuliza swali moja: "Ngitili ni nini?"

Nikaisoma makala upya kuanzia juu. Hatukuwa tumesema. Tulieleza sheria za ngitili, walinzi wa ngitili, faini za ngitili, lakini hakuna mahali popote tulipomwambia msomaji kitu chenyewe ni kitu gani. Chumba kizima cha watu wanaojua, na mimi mpenda ukamilifu nikiwa mbele yao, hakuna aliyeona.

"Huyu ametokea wapi hajui ngitili?" kijana wa Kahama akauliza.

"Ametokea mahali pasipo na ngitili," mama akamjibu taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Ndiye niliyekuwa namwandikia, nami sikumwona."

Nakiri hali yangu ilikuwa mbaya. Nilikuwa na akaunti ya miaka mingi, nilijua mahali pa kupata vyanzo, ningeitengeneza makala ile kwa saa moja na tangazo lingeondoka. Nilimfuata mkufunzi ofisini kumwomba ruhusa.

"Ukiigusa wewe," akasema bila kuinua macho, "mimi nitakuwa namsahihishia nani?"

"Lakini anaweza kuondolewa chuoni, mwalimu."

"Najua. Na yeye anajua. Mwache afanye kazi."

Nikarudi darasani, mikono nikaikalia isiguse kompyuta. Nilichokiona siku zile bado nakistaajabia.

Kwanza, mama hakukimbilia kurekebisha. Alifungua ukurasa wa majadiliano na kuandika: "Shikamoo. Mimi ndiye niliyeandika. Swali lako ni la haki. Naomba muda."

"Mama, hujui umri wake!" darasa likapiga kelele. "Pengine ni mtoto wa sekondari!"

"Basi atakuwa amepata heshima kabla ya wakati. Hajafa mtu kwa kuamkiwa."

Kisha akampigia simu bibi yake kijijini, akamuuliza kila kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya karasha, sote tukisikiliza. Nikalazimika kumwambia jambo ambalo lilikuwa limeniuma hata mimi nilipolijua: maneno ya bibi hayawezi kuwa chanzo, kwa sababu msomaji hawezi kuyafuata na kuyahakiki.

Akaiweka simu mezani. "Kwa hiyo kosa la bibi ni kutochapishwa."

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Tutamtafutia waliochapishwa tuone kama wanamfikia."

Alikwenda ofisi ya misitu, akasubirishwa, akarudi kesho yake, akasubirishwa tena, mpaka akapewa ripoti kuhusu kurudisha miti mkoani. Katika maktaba ya chuo akapata tasnifu mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziazima. Alizisoma akiwa na maneno ya bibi mkononi, ameyageuza kuwa maswali, na hapo ndipo nilipoelewa anachokifanya. Ripoti ilisema ngitili ni za familia. Tasnifu moja ilisema ni za kijiji. Mwanachuo mwingine angechagua moja, mimi mwenyewe ningetafuta ile yenye jalada zuri zaidi. Yeye alikumbuka bibi amemwambia zipo za aina zote mbili, akarudi kusoma mpaka akapata, katika tasnifu ya pili, ukurasa unaosema hivyo hivyo.

"Bibi amenipa maswali," alituambia, "hawa wamenipa tanbihi."

Sentensi ya kwanza ya makala sasa ilisomeka: "Ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie, ili nyasi zikue na ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi." Sikuwa na nukta ya kumwongezea.

Siku ya mwisho mtandao ulikuwa unakatika. Tuliubonyeza ukurasa mara kadhaa, ukazunguka, ukagoma. Ndege ikapita juu kuelekea uwanja wa Ibadakuli na mtu akasema labda inabeba jibu. Hatimaye ukafunguka. Tangazo halikuwepo. Kwenye majadiliano kulikuwa na mistari miwili: "Marahaba, ingawa nadhani mimi ndiye mdogo. Asante, sasa nimeelewa, hata nimemsimulia mama yangu."

Mama alisoma, akavuta kiti, akakaa. Kijana wa Kahama ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Wabeja," asante kwa Kisukuma, na haikuwa wazi anamshukuru nani kati yetu na yule wa mtandaoni. Somo alifaulu. Yupo mwaka wa pili sasa.

Mimi bado naifungua makala ile, mara nyingi kuliko inavyofaa. Juzi niliona haitaji dawa za miti shamba zinazopatikana ndani ya ngitili, jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Vidole vikaniwasha. Ningeweza kuliongeza kimyakimya. Badala yake nikafungua ukurasa wa majadiliano nikaandika: "Shikamoo mama. Naomba ruhusa ya kuongeza sentensi kuhusu miti ya dawa."

Jibu lilikuja kabla sijafunga kompyuta.

"Marahaba, mwalimu. Ruhusa unayo. Umejuaje?"

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda maktaba.