Mkono Upite Chini ya Tumbo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Masisi, nilitumwa kusugua sakafu ya chumba cha upasuaji. Shefu wa bloku, yaani mkuu wa chumba hicho, bwana mrefu aliyefunga barakoa hata akiwa peke yake, alinionyesha meza, akasema: "Kisu iko ya daktari. Meza, kama utajifunza, itakuwa yako." Nilijifunza kwa kuangalia, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa nilichokisoma nikiwa na kamusi. Hivyo nikawa mlaza wagonjwa, kazi niliyoifanya hadi mwaka huu.

Mgonjwa wa mgongo hulala kifudifudi, mito ikishikilia kifua na nyonga, tumbo likining'inia huru. Tumbo likibanwa, damu hukosa njia ya kurudi, hujaa kwenye mishipa ya mgongoni, na daktari akifungua haoni kitu ila wekundu. Basi kabla ya kisu nilipitisha mkono chini ya tumbo. Ukipita, tunaanza.

Nilipohamishiwa Walikale nilimkuta mpasuaji aliyekuja na mrija mwembamba wa chuma. Mrija husukuma nyama kando badala ya kuikata, na kupitia humo daktari hutoa kipande cha diski, ule mto laini ulio kati ya mifupa, kinachobana mshipa wa fahamu.

Huko ndiko alikoletwa Mama Kavira, mwenyeji wa Butembo aliyeuza maharagi katika mji mdogo wa Mpofi. Alikuwa mnene sana. Mguu wa kushoto ulimwaka moto, na wayo ulikuwa umeanza kuburuta. Kwingine walimwambia apungue unene kwanza ndipo wampasue.

"Mguu haitangoja apungue," daktari aliniambia. "Tukichelewa, ile wayo itabaki vile. Na kwa mwili wake, kidonda kirefu kinakawia kupona. Mrija njo unamufaa. Weye umulaze vizuri tu."

Mito yetu ya sponji ilibonyea chini yake. Nikajaza vigunia vinne vya maharagi, nikavifunga kwa plastiki na shuka. Desturi yangu ilikuwa kumlaza mgonjwa siku moja kabla, akiwa macho, apate kuzoea. Mama Kavira alilala, nikapitisha mkono. Ukapita. Nikafurahi.

"Papa Bahati, iko nini hapa chini yangu?"

"Maharagi, mama."

"Maharagi! Mi njo nauzishaka maharagi kila siku! Basi usifurahi bado. Ngoja nusu saa."

Tulingoja. Niliporudisha mkono, ulikwama kwenye vifundo vya vidole. Punje zilikuwa zimetembea, na tumbo limeshuka mpaka mezani. Miaka yote nilikuwa nikipima mara moja tu.

Mama Kavira alicheka hadi meza ikatikisika. "Nani alikufundisha kufunga gunia?"

"Hakuna mutu, mama."

"Njo maana inaonekana! Unajaza, unapiga na fimbo, unajaza tena, mpaka maharagi ikose nafasi ya kutembea. Kisha unashona."

Alasiri ile nilipiga magunia kwenye korido, naye kitandani akinikosoa kila pigo: "Piga kama mutu mwenye amekula!" Nilipomaliza yalikuwa magumu kama gogo. Nikayafunika kwa sponji.

Kesho yake alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho. Nikamlaza juu ya magunia, mkono ukapita. Kwa unene wake daktari alichagua mrija mrefu kuliko yote, akaushusha mgongoni. Baada ya nusu saa niliingiza tena mkono chini ya shuka. Ukapita.

"Papa Bahati," daktari akauliza, "leo damu iko wapi?"

"Iko kwangu, daktari!" sauti ikatoka chini ya shuka. "Uiache palepale!"

Kipande kilichotoka kilitosha kujaza kijiko cha chai. Jioni moto wa mguu ulikuwa umezimika, lakini wayo bado ulilala. Siku ya tatu kidole gumba cha mguu huo kiliinuka kidogo, akaita wodi nzima waje kukitazama.

Wanaokuja baada yangu ninawaachia hili: pima, ngoja, kisha pima tena. Shefu wangu hakuniambia, na katika kitabu sikuliona. Nililisikia kwa mgonjwa aliyelala kifudifudi.

Siku ya kuniaga kazini, Mama Kavira alikuja kutoka Mpofi, mnene vilevile. Kutembea kwa visigino ndicho kipimo chetu cha wayo, maana wayo uliolegea hauwezi. Alivua viatu mbele ya watu wote, akainua vidole vyote kumi, akavuka chumba kwa visigino, mikono hewani.

"Papa Bahati, unapima?"

"Ninapima, mama."

"Basi ngoja," akasema, akageuka, akavuka tena.