Visoda Vitano Vilivyosinzia Uwanjani

Mtu akiniuliza kama inawezekana kumpima mchezaji mapema, kabla hajaichezea shule hata mechi moja, ukajua atafika wapi, mimi hucheka kwanza mpaka machozi yatoke, halafu natafuta pa kukaa. Swali hilo lilijibiwa juu ya mgongo wangu mwenyewe, uwanjani Kanyosha, mbele ya watu ambao nikisema walikuwa nusu ya Bujumbura sitakuwa nimeongeza chumvi nyingi.

Nilisoma shule ya usiku, chuo kidogo cha biashara. Wa mchana walikuwa vijana waliolipiwa na wazazi, wananukia sabuni. Sisi wa usiku tulijilipia, na tulinuka kila kitu kinachofanyiwa kazi mjini: mafuta, samaki, rangi, moshi. Kila mwaka mchana na usiku tulicheza mechi moja ya mpira, na anayeshinda ndiye anayevaa jezi ya chuo kwenye mashindano ya vyuo vyote. Sisi hatukuwa tumeivaa hata siku moja. Nadhani hata kuiota tulikatazwa.

Nahodha wetu tulimwita Kapita. Mvi kichwani, wajukuu nyumbani, na ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Tatizo lake lilikuwa moja: nyumbani kwake Buyenzi hakuna aliyeamini kwamba anasoma. Mzee anatoka jioni, anarudi saa nne usiku, macho mekundu, utamwambia nani kwamba ni hesabu?

"Wajukuu wananiita mutu wa kabare, mulevi wa baa," alituambia. "Wallahi, mi sijaonja hata tone. Nataka jezi ile, jina la shule liandikwe hapa mugongoni, nipite nayo njiani mara moja tu. Basi. Kikombe wachukue wao."

Sasa sikiliza desturi yetu, maana ndiyo iliyotuua. Shule ya usiku kazi ya mtu haiulizwi. Kazi inabaki getini pamoja na baiskeli. Darasani kwetu mkuu wa ofisi fulani alikaa benchi moja na mlinzi wake, na jioni nzima waliitana "mwenzangu" na kunakiliana majibu. Ukianza kuuliza nani anafanya nini, benchi linavunjika. Kwa hiyo kucha za Kapita zilikuwa nyeusi kama makaa, na sote tulikuwa vipofu. Mimi nilikuja na unga kwenye nyusi, hakuna aliyeuona. Adabu kubwa sana, ile.

Kapita alikuwa na mdogo wake Amerika, aliyekuwa akimtumia sauti kwenye simu. Siku moja alitusikilizisha. Yule bwana alisema huko kijana akitaka kuchezea chuo kikuu mpira wao, ule wa kushika mkononi na kofia kama ya pikipiki, anapimwa mapema: urefu, uzito, mbio, mpaka upana wa viganja. Halafu anapewa nyota, moja mpaka tano. Vyuo vinagombania wa nyota tano, na nchi nzima inabishana kama nyota zinasema kweli.

"Na zinasema kweli?" niliuliza.

"Ndiyo tutaona," alisema Kapita. Niliona jicho lake limewaka.

Nyota hatukuwa nazo. Tulikuwa na dada yangu, muuza soda, mwenye gunia la visoda, vile vifuniko vya chupa, la kuweza kuezekea kanisa. Ikapangwa Jumapili asubuhi, siku ambayo kila mtu ana nafasi, twende mchangani Ruziba, kando ya ziwa, kila mchezaji apimwe, na Kapita amwekee visoda mbele ya miguu. Watano bora, kwa hesabu ya visoda, wawe mbele kwenye mechi. Hakuna kujuana, hakuna undugu.

Jumapili ile nilikuwa moto. Nilikimbia mpaka ziwa likarudi nyuma kunipisha. Nilipiga mpira mmoja, nadhani Wakongo wa ng'ambo waliuokota. Kapita alikuja, akainama, akaniwekea visoda vitano, kimoja kimoja, kama anahesabu dhahabu.

Kisha akafika kwa jamaa mmoja mpana wa mabega, mkimya, ambaye darasani alijulikana kwa kukoroma. Huyo alikuwa amejikokota asubuhi nzima. Mpira ulimpita, akauangalia kama mtu anayeangalia basi ambalo si lake. Kapita alikuna kichwa, akaweka kisoda kimoja.

"Hicho ni cha kuja tu," nilimwambia jamaa. "Ukikosea utakirudisha."

"Asante, kubwa," alijibu, akakitia mfukoni, akalala palepale mchangani.

Nyumbani dada yangu alinitazama nikivipanga visoda juu ya meza. "Eh! Watu walikunywa soda yangu, wakatupa kifuniko, leo we umejifunika nacho kichwa!"

"Yaya, dada, hivi ni cheo."

"Basi kapeleke cheo ukanunulie chumvi."

Mazoezi yote tulifanya Jumapili, na Jumapili zote visoda vilikuwa sahihi. Wa vinne walicheza vinne, wa viwili walicheza viwili, na jamaa wa kimoja alisinzia pembeni. Kapita alianza kutembea kama mtu aliyekwisha kuvaa jezi. Halafu wa mchana, kwa kuwa wao ndio wenye shule, wakapanga mechi. Jumatano, saa kumi ya jioni.

Hakuna kati yetu aliyeshtuka. Hapo ndipo ninaposhangaa mpaka leo. Watu wazima, tunajua faida na hasara na riba, na hakuna aliyesema, "Jamani, Jumatano si Jumapili."

Jumatano nilifika Kanyosha na visoda vyangu vitano mfukoni, vinalia kama kengele. Dada yangu alikuja na soda za kuuza. Kapita alikuwa amechana mvi zake. Kipyenga kikapigwa, mpira ukaja kwangu, na mimi, bwana, nikaona mipira mitatu. Nikapiga wa katikati, haukuwepo.

Sielewi nisimulieje. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine, tena mtu asiyenipenda. Nilisimama kusubiri kona na nikaota ndoto nzima, yenye mwanzo na mwisho. Nilipofumbua macho wa mchana walikuwa wanashangilia bao, na kipa wetu ananiangalia kama mimi ndiye niliyelifunga.

"Visoda vitano!" dada yangu alipiga kelele kutoka pembeni. "We visoda vitano! Mulete kitanda!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nusu ya kwanza ikaisha hivyo, moja kwa bila. Kapita alinijia. Hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwenzangu, we una nini? Unaumwa?"

"Apana, Kapita. Mi niko macho toka saa nane ya usiku."

"Saa nane? Unafanya nini saa nane?"

Nilitazama chini. Kuisema kazi ndani ya timu ya shule ya usiku ni kama kuvua suruali. "Nachoma mukate. Kila siku, ila Jumamosi usiku tanuri linalala. Jumapili ndiyo naamka kama mutu."

Kapita alinisogelea. "Mukate wa kona ya pili? Ule murefu?"

"Ndiyo ule."

"Yesu na Mariamu!" alisema mwenzetu mmoja Mkatoliki, kwa niaba ya Kapita ambaye ni Mwislamu na hakuweza. Kapita alikuwa anakula mkate wangu kila asubuhi kabla ya kuingia chini ya magari. Akasema hilo kwa sauti, na papo hapo sote tukajua yeye ni fundi, jambo ambalo kucha zake zilikuwa zimetuambia kwa miaka.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Jamaa wa kisoda kimoja. Macho yake yalikuwa wazi, na wallahi nilikuwa sijawahi kuyaona yakiwa wazi yote mawili.

"Mi napakua saruji kule Zone Industrielle, kwenye viwanda," alisema. "Malori yanajaa Ijumaa na Jumamosi, usiku kucha. Ile Jumapili ya visoda nilikuja mchangani moja kwa moja toka kwenye mifuko. Leo nimelala tangu jana."

Hata soda ziliacha kutoa povu. Tulikuwa tumempima mtu aliyebeba mzigo wa saruji usiku mzima, na mtu aliyelala kama mtoto, tukawawekea visoda, tukasema huu ndio ukweli.

"Kwa nini hukusema?" Kapita alimuuliza, karibu analia.

"Hamukuuliza. Na sisi hatuulizanagi."

Kapita alinigeukia. Kanuni ilikuwa yake, ya visoda, hakuna undugu. Mwenye vitano hatoki. Na jezi aliyoitamani ilikuwa imebakiza nusu saa na kitu. Nilimrahisishia. Nilivua fulana, nikampa mpakuzi wa saruji, na ikambana mabegani mpaka mshono ukalia.

Yaliyofuata sikuyaona vizuri kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umefunguka mpaka ukanifunika macho. Yule bwana aliukimbilia mpira kama lori lisilo na breki linashuka mlimani. Beki wa mchana, kijana mzuri wa sabuni, aligongana naye, akakaa chini kutafakari maisha. Bao la kwanza lilitoka kwake. La pili alimpasia mwenzetu wa visoda vinne, ambaye alifunga kama mtu wa visoda vinne anavyofunga, bila mbwembwe. Na hili lazima niseme: wengine wote walicheza sawasawa na visoda vyao. Kapita hakuwa amekosea kikosi. Alikosea wawili, na mechi ikawa mikononi mwa hao wawili.

Tulishinda mbili kwa moja. Dada yangu aligawa soda bure, kisha akakumbuka akadai chupa.

Kapita alimtumia mdogo wake habari hizo, naye akajibu kutoka Amerika, anacheka: "Hata huku ni hivyo hivyo, kaka. Wa nyota tano wengi wanafika kweli. Lakini kila mwaka anatoka mutu wa nyota mbili anawapiga butwaa."

Na butwaa letu lilikuwa limebakiza kipande kimoja. Mashindano ya vyuo yalichezwa Jumapili asubuhi. Kapita aliniangalia, nikamwangalia, sote tukamwangalia shujaa wetu wa Jumatano: amelala benchi ndani ya jezi ya chuo, saruji kwenye nywele. Nilicheza siku ile kama ndugu wanne. Visoda vitano, vyote. Tulitolewa baadaye na chuo kingine, sijali.

Jumapili ile Kapita hakuivua jezi. Alitoka nayo uwanjani, akapita nayo Buyenzi nzima, jua la saa saba, akichagua njia ndefu, mimi nyuma yake. Alisalimia watu asiowajua. Mlangoni kwake wajukuu walikuwa wanacheza. Aligeuka, akawapa mgongo. Mkubwa wao alisogea, akayasoma maandishi herufi kwa herufi, pole pole, kidole juu ya kitambaa.

"Kumbe shule iko kweli," alisema.

Kapita aliinama ghafla kukagua tairi la gari la jirani. Tairi lilikuwa zima kabisa. Alilikagua muda mrefu sana.