Mashine ya Presha Huonjwa Kwanza na Mwenyewe

Babangu alikataa katakata kuvalishwa mashine ya presha mpaka mwenye mashine aionje kwanza.

Ndiyo. Aionje. Msicheke bado.

Ni kwetu Junju, pale mangweni ambapo babangu, Mzee Mwambire, huuza tembo la mnazi. Akatokea dada mmoja, Rayhana, na simu kubwa kama sinia. Utafiti wa serikali, nchi nzima, akasema: nani ana presha, nani ana sukari, nani hutia chumvi kama anakausha papa.

Simu ikachagua mtu mmoja wa nyumba yetu. Baba.

"Shikamoo mzee. Wanywa pombe?"

"Marahaba. Sinywi. Naonja."

"Waonja mara ngapi kwa siku?"

"Kila akija mteja."

Hapo hakudanganya. Kwetu hupewi mnazi mpaka mwenye mtungi apige funda la kwanza mbele yako, ujue hamna sumu.

Rayhana akajisugua kipaji cha uso. "Jua la huku lina kisirani. Wiki ya pili hii kichwa chanipasuka."

Akameza kidonge cha maumivu, akashushia soda. Mtaalamu huyo.

Kisha akatoa kile kitambaa cha kufunga mkononi.

"Ndani mna nini?" baba akauliza.

"Hewa tu, mzee."

"Basi onja wewe."

Dada akacheka, akajivalisha. Mashine ikanguruma, ikalia. Mia na tisini na nane kwa mia na ishirini.

Kicheko kikakatika.

"Imeharibika hii."

Akanipima mimi: sawa kabisa. Akampima baba, maana sasa ameshaonjewa: imepanda kidogo tu. Akarudia yake.

Ileile.

"Mwanangu," baba akasema polepole, "wewe ushawahi kujipima?"

"Mimi? Mimi si ndiye mpimaji?"

Jibu safi kabisa la kiofisi.

Baba akauacha mtungi mikononi mwa walevi, jambo ambalo hata msibani hajalifanya. Akapanda bodaboda nyuma ya Rayhana, akimshikilia asianguke, hadi hospitali.

Daktari alisema mishipa ya kichwa cha dada ilikuwa yangoja kisingizio tu ipasuke.

Alilazwa, akapona, akarudi kazini na vidonge vyake mkobani. Siku hizi katika kila nyumba hujivalisha yeye kwanza, watu wakitazama. Waliokuwa wakimfungia mlango sasa wanyoosha mikono wenyewe.

Babangu naye adai mshahara wa ushauri.

Yaani serikali ilikuja Junju kutafuta magonjwa, ikakuta imeyabeba yenyewe.

Na wewe unayemcheka mzee wa mnazi, mashine hiyo uliionja lini?